Kubadilisha mwenza wa mazungumzo darasani: tunafundisha kuzungumza, au tunawazungusha watoto tu?

Mwalimu wa Ng'ambo

Walimu wenzangu na wazazi mlioko humu, hamjambo. Nafundisha Kiswahili Gredi ya 8 katika shule moja ya ng'ambo ya Likoni, hapa Mombasa, na darasa langu lina wanafunzi 53. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu muhula huu nimejaribu mara saba zoezi la mazungumzo ya wawili wawili ambamo mwanafunzi hubadilisha mwenzake kila baada ya dakika chache, na sitaki kulisifu kabla sijaeleza namna lilivyoniaibisha.

Kilichonisukuma ni hesabu ndogo. Kipindi chetu ni cha dakika 40. Hata kama ningenyamaza kabisa kutoka kengele hadi kengele na kumpa kila mwanafunzi zamu ya kusimama na kusema, kila mmoja angepata sekunde 45 hivi, tena pamoja na muda wa kuinuka, kujikohoza na kuchekwa. Mtaala wa umilisi umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na kusikiliza na kuzungumza ni sehemu inayojitegemea katika somo letu. Ila mimi nilikuwa nikiifundisha kwa kuwauliza wale wale sita wa safu ya mbele, na hao wengine 47 wakinitazama kama abiria wanaongoja feri.

Mara ya kwanza niliwatoa nje, kwa kuwa madawati yetu hayasogei bila kelele za kuamsha mtaa. Chini ya mkungu nilichora mchangani duara mbili kwa kijiti, moja ndani ya nyingine, wa ndani wakiwaelekea wa nje. Mpangilio huo si wangu. Spencer Kagan wa Marekani ndiye aliyeueneza katika mbinu zake za kujifunza kwa ushirikiano. Kila baada ya dakika tatu nilipiga kofi, duara la nje likasogea hatua moja, nami nikatoa swali jipya. Duru ya kwanza ilikuwa njema. Ya pili ilikuwa ya vicheko. Kufikia ya nne wavulana walikuwa wanajadili mpira, wasichana wawili walikuwa wanasukana, na naibu wa mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani mikono nyuma. Tuliporudi ndani, msichana mmoja ambaye kwa kawaida hasemi akaniambia: "Mwalimu, nimezungumza na watu watano lakini sijamwambia mtu kitu."

Neno hilo lilinikosesha usingizi kuliko yale ya naibu. Nikaja kuona kwamba kosa langu lilikuwa kubadilisha swali kila nilipobadilisha mwenza. Mtoto hakupata kusema jambo hadi likaiva. Kila alipoanza kulipata, nilimnyang'anya. Kwa hiyo mara ya tatu niliacha swali moja tu kwa kipindi kizima. Dakika moja ya kimya ya kufikiri kwanza, kisha aliye ndani anamweleza mwenzake wa kwanza kwa dakika tatu, wa pili kwa dakika mbili, wa tatu kwa dakika moja, jambo lile lile. Baadaye wanageuza, na aliyekuwa anasikiliza anasema. Msikilizaji naye hakai bure: lazima aulize swali moja ambalo jibu lake halijasemwa.

Mvulana mmoja wa Mtongwe, ambaye mama yake huuza viazi karai jioni, aliamua kueleza vinavyopikwa. Nilisimama nyuma yake na daftari. Kwa mwenzake wa kwanza alisema, "Unachemsha viazi, unachovya, unakaanga, basi," na dakika mbili na ushei zilizobaki zikawa za kutazamana, mpaka mwenzake akalazimika kuuliza: unachovya kwenye nini? Kwa mwenzake wa pili unga wa ngano, manjano na chumvi viliingia bila kuulizwa. Kwa wa tatu, mwenye dakika moja tu, nilimsikia akisema: "Kabla hujachovya, ngoja viazi vipoe, maana vikiwa moto unga haushiki, mafuta yakishapata moto ndipo unavitia kimoja kimoja." Hiyo "kabla hujachovya" na hiyo "ndipo" nilikuwa nimezifundisha ubaoni wiki mbili bila mtu kuzigusa.

Naomba kusikia kutoka kwenu. Nani amejaribu, na nini kilimshinda?

Hesabu Changamwe

Mwalimu, mimi si wa lugha, nafundisha hisabati, lakini nimeona jambo katika duara zako ambalo huenda hujaliona. Ukiwa na duara la ndani na la nje, na la nje peke yake ndilo linalosogea, mwanafunzi wa ndani hatakutana kamwe na mwenzake wa ndani. Mwaka mzima utapita na nusu ya darasa haijawahi kusema na nusu yake yenyewe. Zaidi ya hayo, 53 ni witiri, kwa hiyo kila duru kuna mtoto anayebaki peke yake, nami nina hakika ni yule yule kila siku.

Dawa yake ni ile inayotumiwa kupanga ratiba ya ligi ya mpira. Panga safu mbili zinazoelekeana, kila moja ya nafasi 27. Nafasi moja ya pembeni weka kiti kitupu ambacho hakisogei daima. Wengine wote wasogee nafasi moja kama mnyororo: safu ya juu ikienda kulia, wa mwisho anashuka safu ya chini, ya chini inaenda kushoto, na wa mwisho wake anapanda juu karibu na kiti. Atakayejikuta mbele ya kiti kitupu ndiye mtunza saa wa duru hiyo. Baada ya duru 53 kila mwanafunzi atakuwa amekutana na kila mwenzake mara moja bila kurudia, na kila mmoja atakuwa ametunza saa mara moja. Jozi zote za darasa lako ni 1,378, na 26 kwa duru mara 53 ni hizo hizo. Ukifanya duru tatu kwa kipindi, unahitaji vipindi 18. Andika tu mlipoishia.

Mzee wa Baraza

Nimesoma kwa makini, nami nitasema lisilopendeza. Nimefundisha Kiswahili miaka 31 kabla ya kustaafu, na kila baada ya miaka michache huja mtu na jina jipya la kuwaacha watoto wapige soga.

Nina maswali mawili. La kwanza, watoto 52 wanapozungumza kwa pamoja, nani anawasahihisha? Wewe ni mmoja na masikio ni mawili. Mtoto atasema "kitabu yangu" mara tatu kwa watu watatu, na kwa mara ya tatu ataisema kwa ufasaha mkubwa. Unampigia kosa msasa. La pili, mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa Kiswahili una karatasi tatu, ya insha, ya lugha na ya fasihi, na zote ni za kuandika. Mzazi wa Likoni hatakuuliza mwanawe amekutana na jozi ngapi.

Na la tatu, ambalo si swali. Sisi tulijifunza kuzungumza barazani. Pale mtu hahamishwi kwa kofi. Anakaa, anasikiliza hadi mwisho, na akisema upuuzi anaambiwa. Mazungumzo yanataka kukaliwa. Hii ya dakika moja moja ni ya makondakta wa matatu.

Faransa Nyali

Shikamoo Mzee. Ninafundisha Kifaransa, ambacho kwenye KCSE kina mtihani wa kuzungumza, kwa hiyo sisi hatuna budi. Naomba nijibu swali lako la kwanza kwa sababu ni la haki.

Utaratibu wa kupunguza dakika anaousema Mwalimu una historia. Keith Maurice aliueleza mwaka 1983 kwa dakika nne, tatu na mbili, na Paul Nation wa New Zealand akauchunguza na kuuandikia baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Mwenza anabadilika kwa sababu nzuri sana: ukimweleza mtu yule yule mara tatu, atachoka, nawe utaona haya; lakini kwa mtu mpya habari yako ni mpya, kwa hiyo una sababu ya kweli ya kusema tena. Mwaka 2011 Nel de Jong na Charles Perfetti walilinganisha wanafunzi waliorudia mada moja na wale waliobadilishiwa mada kila duru. Makundi yote mawili yalisema kwa wepesi zaidi wakati wa mazoezi, ila ni waliorudia tu waliobaki na wepesi huo baadaye, hata kwenye mada nyingine. Hicho ndicho Mwalimu alichokigundua chini ya mkungu kwa kufedheheka.

Lakini Mzee, una haki katika hili: wepesi wa kusema si sawa na usahihi, na ukimharakisha mtoto huwezi kutarajia sarufi ijisafishe yenyewe. Mimi hutia dakika tano kati ya mwenza wa kwanza na wa pili. Nasimamisha wote, naandika ubaoni sentensi nne nilizozisikia zina kasoro, bila kutaja jina, wanazirekebisha pamoja, kisha tunaendelea. Wakirudi kusema wana nafasi ya kutumia marekebisho hayo hapo hapo, jambo ambalo karatasi iliyosahihishwa kwa wino mwekundu haimpi mtoto kamwe.

Mwalimu Mwanagenzi

Niko kwenye mafunzo ya vitendo huku Kisauni, na nimejifunza kwa uchungu kwamba jina la zoezi lina madhara. Chuoni tulifundishwa kuliita "spidi deti". Nikawaambia wanafunzi hivyo hivyo. Jioni ile mzazi mmoja alimpigia simu mwalimu mkuu akiuliza ni somo gani linalowakutanisha mabinti na wachumba wanne kwa kipindi kimoja. Nilipotafuta asili ya jina nikakuta mambo hayo yalianzishwa kweli kwa ajili ya posa: ni rabi Yaacov Deyo wa Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwasaidia vijana Wayahudi kutafuta wenzi wa ndoa. Kwa hiyo mzazi hakukosea. Sasa naliita "duru", basi.

Baada ya simu ile pia nilianza kuwauliza wasichana kwanza. Wengi hawana neno kuzungumza na mvulana darasani. Wachache hawapendi kuelekeana naye uso kwa uso, na hao nimewapa nafasi ya kusimama kando kwa kando, wote wakitazama mbele, kama watu waliokaa barazani. Cha ajabu ni kwamba wavulana wawili waoga nao waliomba kusimama hivyo.

Tatizo langu la sasa ni kelele. Darasa letu lina paa la mabati na ukuta wa mbao unaotutenga na Gredi ya 7. Nikiwaambia wapunguze sauti, wanapunguza kwa sekunde kumi.

Hesabu Changamwe

Hawakuasi, mwanangu. Mtu akisikia kelele hupandisha sauti bila kujua, na kupandisha kwake ndiko kelele za jirani yake. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hilo mwaka 1911 na likabaki na jina lake. Ndiyo maana kukemea hakufai. Punguza midomo inayosema kwa wakati mmoja: nusu ya darasa wazungumze, nusu waandike, kisha wabadilishane. Na uwasogeze karibu karibu. Jozi zilizosimama hatua mbili mbali zitapiga kelele hata ziwe za mawalii.

Binti Mvita

Mimi ni mzazi, si mwalimu, na nimezaliwa Mji wa Kale. Nina kisa na zoezi hili. Binti yangu alirudi kutoka shule yake, ambayo si ya yeyote kati yenu, akiwa amenuna. Alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi alivyoteleza mvua ikinyesha, akasema "nilipofika ndiani". Mwenzake akamkatiza: si ndiani, ni njiani. Akaenda kwa wa pili, naye akamkatiza vivyo hivyo. Kwa wa tatu akasema "njiani", lakini hadithi ikawa mistari miwili tu. Alipotea pale alipoanza kuchunga ulimi.

Nawaomba walimu mlifikirie hili. Kikao kilichokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kilifanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928, na Kimvita, lugha aliyotungia Muyaka bin Haji, kikawekwa kando nyumbani kwake mwenyewe. Sipingi usanifu, mtihani ni mtihani. Lakini katika mazungumzo ya wawili, kila mtoto amekuwa mwalimu wa mwenzake, na mtoto wa miaka 13 akipewa cheo cha kusahihisha hukitumia kama rungu. Mkiwazungusha, tafadhali waambieni kwanza kazi ya msikilizaji si kukamata makosa.

Mwalimu wa Ng'ambo

Naanza na Bi Mvita, kwa kuwa neno lako limenichoma mahali nilipokuwa sijapaona. Nilipitia daftari langu na nikakuta mara tatu nimeandika "kitwa" (kichwa) na "ndoo" (njoo) za Kimvita katika orodha ya makosa. Jumatano nilifanya duru nyingine kwa makusudi. Swali lilikuwa moja: simulia ulivyoumia siku moja ukiwa mdogo. Kazi ya msikilizaji ilikuwa kuuliza, "Kwenu mwaliitaje hilo?" kila aliposikia neno asilolitumia nyumbani kwao. Nilitarajia maneno matano. Tulijaza ubao. Mtoto wa Kigiriama na mtoto aliyehamia kutoka Machakos walikuwa wanashindana kuleta jina la kigaga cha kidonda. Baada ya hapo nilichora mstari katikati ya ubao na kuwaambia upande huu ndio unaoandikiwa insha, na hakuna aliyenuna.

Mzee, shikamoo. Kuhusu kusahihisha, nimeuchukua utaratibu wa Faransa wa kusimamisha baada ya mwenza wa kwanza. "Kitabu yangu" ilitokea kweli, tena vinywani mwa watoto wanne, na baada ya kuirekebisha pamoja nilimsikia mmoja wao akianza "kitabu ya..." akajirudi mwenyewe. Sisemi ataacha. Nasema alijisikia, na katika insha sijawahi kuona mtoto akijisikia.

Kuhusu KCSE huna kosa hata moja, na ndiyo sababu sikulifanya zoezi kuwa mwisho wa kipindi. Duru zote pamoja na mapumziko ya ubaoni zinakula dakika 25. Zile 15 zinazobaki wanaandika aya ya jambo lile lile walilolisema mara tatu. Yule kijana wa viazi karai, ambaye insha zake huwa nusu ukurasa na nusu yake ni kichwa cha habari, aliandika ukurasa mzima na kuomba karatasi. Aya yake ya pili ilianza na "Kabla". Makosa ya tahajia yalikuwemo, nami niliyahesabu: kumi na moja.

Baraza ndilo lililonitaabisha zaidi, kwa sababu nami nimelelewa hapo. Ni kweli mazungumzo yanataka kukaliwa. Lakini tukumbuke Mzee, mtoto wa barazani hakuwa anasema. Alikuwa anasikiliza miaka kumi kabla ya kuthubutu kutia neno, na alikuwa nayo miaka hiyo kumi. Mimi nina vipindi vinne kwa wiki. Hata hivyo nimekubali kwamba dakika moja ni fupi mno kwa wengine. Yule msichana aliyeniambia hajamwambia mtu kitu, akifika mwenza wa tatu huwa ndiyo kwanza anaanza. Kwake na kwa wengine watano nimegeuza saa: dakika moja, mbili, kisha tatu. Sina kitabu kinachoniambia nifanye hivyo.

Mwanagenzi, hiyo ya kando kwa kando nimeiiba.

Hesabu, kiti kitupu kimewekwa. Watoto wanagombania kukifikia kwa sababu mtunza saa hupewa simu yangu kuitazama. Tatizo ni kwamba mnyororo ulikatika duru ya pili, wa safu ya juu wakasogea kushoto, na tukapoteza dakika sita kumtafuta nani ni wa nani. Sasa kila mmoja ana namba kwenye karatasi shingoni, na mchangani nimechora mshale.

Mzee wa Baraza

Marahaba, nyote. Sijageuka. Ila hiyo ya kugeuza saa kwa waoga ni ya mwalimu, si ya kitabu, na hiyo nimeipenda. Miaka 31 nilikuwa nikiwaambia waoga "sema kwa sauti", na hawakusema kwa sauti.

Ningependa kuja kuona kwa macho yangu kabla sijaongeza neno. Siku gani haitakusumbua?

Mwalimu wa Ng'ambo

Alhamisi, Mzee, kipindi cha baada ya mapumziko, saa nne na dakika ishirini. Feri ya saa tatu itakutosha. Tumefika duru ya 13, na mada ni safari ya kwanza unayoikumbuka ya kuvuka maji. Tuko 53, kwa hiyo nitaondoa kile kiti na nafasi yake utasimama wewe. Utakuwa na wenza watatu. Wa kwanza ni yule wa viazi karai, na lazima umuulize swali moja ambalo jibu lake hajalisema.